Bwana Harusi wa Majaribio

Siku ya gulio Kasulu haina adabu. Wauza maharage wanamwaga mali yao mpaka kwenye miguu ya wapita njia, mikungu ya ndizi za Buhigwe inapita vichwani mwa watu ikimgusa huyu na yule, na spika ya muuza dawa ya panya inashindana na ya muuza sabuni. Katikati ya ghasia hiyo, kwenye kibaraza cha duka la vitenge la Mzee Khatibu, Divine Niyomwungere alikuwa anashona kola ya shati la shule, miguu ikikanyaga cherehani, midomo ikisali rozari. Ndivyo alivyozoea. Kazi isiyoombewa, alisema, uzi wake hukatika.

"Dada, pole na kazi. Naomba unishonee huu mkanda."

Aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanaume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, mikono imekunjwa hadi viwikoni, viatu vimekuwa vyekundu kwa vumbi. Begi la kompyuta alilikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa, maana mkanda ulikuwa umekatika.

"Subiri nimalize kola ya watu."

"Nina haraka kidogo."

"Basi utasubiri kidogo."

Mzee Khatibu alicheka kutoka ndani, kofia yake ya kiua ikitikisika. "Kaa, kijana. Huyu fundi hata mimi mwenye duka ananipanga foleni."

Mgeni akakaa kwenye benchi, akatoa simu, akaanza kuibonyeza huku amekunja uso. Divine alimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na mwaka huo ndio kwanza alikuwa ameanza masomo ya jioni ya kompyuta, darasa moja na vijana ambao wangeweza kuwa wadogo zake wa mwisho. Kila kilichokuwa na kioo kilimvuta.

"Hiyo ni nini, kaka?"

"Programu ya parokia. Waumini wanajiandikisha, halafu matangazo ya kanisa yanawafikia kwenye simu. Misa, jumuiya, ndoa, yote. Nimeimaliza jana."

"Umeimaliza kabisa?"

"Kabisa."

"Niijaribu?"

Akampa simu kwa moyo wa mtu anayemwonyesha jirani nyumba mpya. Divine akaandika jina lake la kwanza, kisha la pili. Herufi zikafika njiani zikagoma.

"Imeninyima jina."

"Haiwezekani. Mimi ni Bazilio Ndayisenga, na jina langu limeingia."

"Lako limeingia kwa kubana pumzi. Mimi ni Niyomwungere. Wazazi wangu walitoka Burundi, wako Kibondo tangu nikiwa mgongoni. Nusu ya kwaya yetu ina majina kama hili. Utatuacha nje ya mlango?"

Kabla hajajibu, Divine alikuwa ameshateremka kwenye tarehe ya kuzaliwa. Akaandika ya mwaka ujao. Programu ikamjibu kwa furaha: *Karibu, Divine.*

Mzee Khatibu akashika mbavu. "Salaala! Fundi hajazaliwa!"

"Lakini nani ataandika hivyo?" Bazilio aliuliza, naye akijizuia kucheka.

"Mtu. Mteja wangu mmoja huniapia kwamba kiuno chake hakijabadilika tangu Pasaka ya mwaka juzi. Binadamu ni binadamu."

Bazilio alimtazama upya: kitambaa cha kijani kichwani, sindano mbili zimechomekwa kifuani kwenye kitenge cha maua ya njano, na macho yaliyotulia kama ya mtu aliyetoka kusali. Mkanda ulipokwisha kushonwa hakuondoka. Haraka yake ilikuwa imepotelea gulioni.

"Dada Divine, ninahitaji mtu wa kufanya majaribio. Parokia imeniambia nitafute. Utaweza?"

"Nitakuwa naharibu kazi yako kila siku?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Basi nitamwomba Mungu anisaidie kuiharibu vizuri."

*

Wakawa wanakutana kwenye ukumbi wa parokia saa za alasiri, kabla ya Divine kwenda darasani. Kompyuta moja ilikaa mezani, na kwaya ilifanya mazoezi uani, chini ya madirisha. Bazilio alikuwa mtu wa Murungu, Muha asiyependa maneno mengi, lakini akianza kufundisha uso wake ulikuwa unawaka.

"Kwanza tunajaribu kipande kimoja kimoja. Sehemu ya jina peke yake, sehemu ya tarehe peke yake."

"Kama mkono wa gauni kabla haujafika begani."

"Halafu tunaviunganisha, tuone kama vinaelewana."

"Hapo nakuelewa sana. Mkono mzuri, bega zuri, ukiviunganisha mtu hawezi kuinua mkono kumsifu Mungu."

"Halafu kitu kizima, mwanzo hadi mwisho. Halafu tunauliza: Jumapili ya Pasaka, parokia nzima ikifungua kwa pamoja, itahimili au italala? Na mwisho kabisa tunampelekea mwenyewe. Padre Leonidasi na watu wa jumuiya waitumie kwa mikono yao, waseme tumeipokea au hatujaipokea. Hilo ni jaribio la kukubaliwa. Wao wakikataa, hata kama sisi tunaisifu, haijaisha."

"Na ukirekebisha kosa?"

"Unarudia yale ya zamani. Kurekebisha hapa kunaweza kuharibu pale."

"Ukipanua kiuno, pindo linapanda," Divine alisema, akicheka.

Bazilio alimwekea masharti. Kabla ya kubonyeza, useme unategemea nini kitokee. Ukibonyeza bila kutegemea kitu, unacheza. Majina ya majaribio yawe ya kubuni. Na programu ilikuwa na pande mbili, upande wa majaribio ambako ujumbe haumfikii mtu yeyote, na upande wa watu. Hakuna atakayevuka kwenda upande wa watu bila kumwambia mwenzake.

Divine alikuwa na swali lake pia. "Bwana mmoja akitangazwa na mabibi wawili?"

"Nani atathubutu?"

"Injinia, hujaishi. Tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu ili mwenye kujua kizuizi aseme. Programu yako ikimtangaza bwana huyo huyo na bibi wa pili na kunyamaza, itakuwa imeshiriki dhambi."

"Haina haja, Divine."

"Ina haja. Iweke."

Akaiweka.

Siku zikaenda hivyo, na simu nazo zikaongezeka. Zilianza kwa kasoro zikaishia kwingine.

"Fundi, umelala?"

"Saa mbili hii nilale, mimi kuku? Nafanya kazi ya darasani."

"Nimepata kasoro moja."

"Iko wapi?"

"Hapa kwangu. Nikimaliza kuongea nawe, moyo unajirudia wenyewe mwanzo."

"Izime uiwashe," Divine akasema, lakini alipokata simu alikaa kitambo ameishika shavuni. Halafu akapiga magoti kando ya kitanda. "Bwana, kama huyu ametoka kwako, mlete kwa mlango wa mbele. Kama hakutoka kwako, nipe nguvu mapema."

Jibu lilikuja kwa mlango wa mbele kweli. Bazilio alisema mshenga wake angekwenda Kibondo Jumamosi, kwa Mzee Habonimana, baba yake Divine. Mzee huyo aliuza kahawa na maharage, na alikuwa anajulikana kwa kitu kimoja: neno lake. "Tulifika nchi hii mikono mitupu," alikuwa anawaambia wanawe. "Tulichobeba ni neno. Ukilichezea, umebaki na nini?" Simu yake ilikuwa imeandikishwa kwenye programu na Divine mwenyewe, kama za kwaya nzima, ili apate habari za kwaya ya binti yake.

*

Alhamisi ilikuwa na mvua asubuhi na jua la kupendeza alasiri. Divine aliwahi ukumbini peke yake, akafanya ishara ya msalaba, akakaa kujaribu lile sharti lake la bwana mmoja na mabibi wawili. Alisema kwa sauti anachotegemea: "Wa kwanza apokelewe, wa pili akataliwe."

Alihitaji jina la bwana harusi. Vidole vyake, kwa utani wa mtu mwenye furaha, vikaandika Bazilio Ndayisenga. Alijua sharti la majina ya kubuni. Alijiambia ni upande wa majaribio tu, nani ataona? Bibi harusi alimbuni hapo hapo: Epifania wa Titye. Akabonyeza.

Simu yake ikalia mezani.

Kisha uani ikalia nyingine, na nyingine. Wimbo wa kwaya ukakatika, sauti ya kwanza kwanza, besi mwishoni. Vigelegele vikapasuka chini ya dirisha.

"Injinia anaoa! Bazilio na Epifania wa Titye!"

"Loo, na huyu wetu aliyekuwa anashinda naye humu?"

"Shii! Yumo ndani."

Divine alisoma ujumbe kwenye simu yake mara mbili. *Tangazo la kwanza la ndoa.* Kiti kikaanguka nyuma yake. Wakati huo huo Bazilio aliingia akikimbia, mkono wake bado umeng'ang'aniwa na mwanakwaya aliyekuwa anampa hongera.

"Umefanya nini?"

"Najaribu! Niko upande wa majaribio!"

"Nimeihamishia upande wa watu leo mchana! Padre alitaka kuona matangazo ya Jumapili kwenye simu yake!"

"Hukuniambia!"

"Ningekuambia jioni hii! Na wewe, jina langu? Tulisema majina ya kubuni!"

"Na tulisema hakuna kuvuka kimya kimya!"

Simu ya Divine ikalia tena. Kioo kilionyesha neno Baba. Alitoka nayo mlangoni.

"Divine. Huyu Bazilio Ndayisenga ndiye yule ambaye mshenga wake anakuja kwangu keshokutwa?"

"Ego, Baba, ndiye. Lakini si kweli, ni mimi nili…"

"Nani kaandika?"

"Mimi, Baba. Nilikuwa najaribu mashine."

Divine alisikia mbuzi wakilia nje ya duka la baba yake, Kibondo.

"Tangazo la ndoa linajaribiwa? Ujumbe huu nimeusoma mbele ya wateja watatu hapa dukani, na wote wananiuliza binti yangu ameachwa lini. Mwambie mshenga asipoteze nauli." Akakata.

Aliporudi ndani, Bazilio alikuwa amezima kila kitu, anazungumza na Padre Leonidasi aliyekuwa safarini Kigoma. Sauti ya padre ilisikika kwenye spika. "Msitume ujumbe mwingine wowote. Mmeanguka mara moja, msianguke mara mbili kwa haraka. Njooni kwangu nikirudi, wote wawili, tuliondoe tangazo hilo vizuri."

"Baba amekataa mshenga," Divine alisema.

Bazilio alikuwa na maneno mazuri ya kusema, lakini uchovu na aibu vilitangulia. "Sasa unaona utani wako umetufikisha wapi."

"Utani wangu na ukimya wako," Divine akajibu. Akachukua mkoba wake, akapita katikati ya kwaya bila kuinua macho.

Kesho yake Bazilio alikwenda Buhigwe kwa kazi nyingine. Padre alirudi, akangoja watu wawili, hakuja hata mmoja.

*

Divine alishona vibaya wiki hiyo. Darasani alikaa nyuma. Alisali novena, lakini kila alipofika mahali pa kuomba haki yake, maneno yalimgomea, kwa sababu haki yake ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kosa lake, na Mungu alikuwa analijua.

"Mwanangu," Mzee Khatibu alimwambia, akikunja kitenge, "mimi babu zangu walitoka pwani wakapotea sana kabla ya kufika huku. Kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini aliyepotea akikaa chini kumlaumu mwenzake, simba atawakuta hapo hapo."

"Mzee, yeye ndiye aliyeondoka."

"Na begi lile linalokuja pale ni la nani?"

Bazilio alikuwa anavuka barabara, begi kifuani, mkanda unaning'inia. Shati lake halikupigwa pasi. Akasimama mbele ya cherehani.

"Fundi, umekatika tena."

Divine aliuchukua mkanda, akaugeuza kwenye mwanga. "Uzi haukatiki hivi. Huu umekatwa kwa wembe."

"Nilikuwa najaribu kazi yako."

"Ukatoka Buhigwe kuja kujaribu mkanda?"

"Nilishindwa kula huko. Divine, mimi ndiye niliyevuka kimya. Ningekuambia neno moja tu, wewe usingefanya lile jaribio upande wa watu. Nilikulaumu kwa sababu nilikuwa naogopa kujilaumu."

Divine aliuweka mkanda mapajani. "Na mimi niliandika jina lako kwa sababu nilipenda kuliona limeandikwa kwenye tangazo. Ndiyo kweli yenyewe. Niliona haya hata kumwambia Mungu."

"Basi ungeandika na lako pembeni."

"Injinia, usinichekeshe, nina sindano mdomoni."

Mzee Khatibu alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Twende kwa Padre," Bazilio alisema. "Lakini kwanza twende Kibondo."

"Baba atakufukuza."

"Anifukuze nikiwa nimesimama mbele yake. Asinifukuze kwa simu."

*

Mzee Habonimana aliwapokea sebuleni, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo mkononi. Mshenga, mjomba wa Bazilio kutoka Murungu, alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Kahawa ililetwa; heshima ya nyumba haina ugomvi na mtu. Lakini mzee hakuinywa yake.

Divine akapiga magoti, akaeleza yote, hakuficha utani wala jina la kubuni. Bazilio akaeleza ya kwake. Mzee alisikiliza akitazama fimbo.

"Nionyesheni hiyo mashine," alisema mwishoni. "Nataka kuona neno linavyotoka."

Bazilio akafungua kompyuta, lakini kabla ya kugusa kitu akamsogezea Divine. "Upande wa majaribio. Hakikisha wewe."

Divine akahakikisha. Akahakikisha tena. Hakukuwa na namba ya mtu hata mmoja, ila kumbukumbu za matangazo zilikuwa zimenakiliwa zote kutoka upande wa watu.

"Andika jina lake," mzee akaamuru. "Na la binti yangu."

Divine akaweka vidole kwenye kibodi. Akaandika Bazilio Ndayisenga. Akaandika Divine Niyomwungere, na safari hii herufi zote ziliingia. Akabonyeza.

Kioo kikawa chekundu. *Haiwezekani. Bwana huyu ameshatangazwa na bibi mwingine.*

Mjomba wa Murungu alifunika uso kwa kiganja. Mzee Habonimana akasimama polepole. "Mmeona? Hata mashine imemkataa."

Divine alikuwa ameweka mkono mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. "Baba, nisamehe. Hili ndilo jaribio lililonishinda kumaliza siku ile. Wa kwanza apokelewe, wa pili akataliwe. Wa pili nimekuwa mimi."

"Sielewi."

Bazilio akainuka. "Mzee, nilipotengeneza programu hii, haikuwa na uwezo wa kukataa. Ingewatangaza mabibi kumi kwa bwana mmoja na kunyamaza. Binti yako ndiye aliyesema hapana, iweke. Nilimwambia haina haja. Akasema, ikinyamaza itakuwa imeshiriki dhambi. Kinachonikataa hapa ni mkono wake."

Mzee alisogea kwenye kioo, akayasoma maneno yale mekundu tena, akifuata kwa kidole. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika kidogo, kama mlango uliofunguliwa upana wa jicho.

"Kumbe umeifundisha mashine kulinda neno," alimwambia binti yake. "Na lako mwenyewe ukaliachia."

"Ego, Baba."

"Basi lililotoka hadharani hurudishwa hadharani. Si kwa simu. Simama kanisani, sema ulichofanya. Mimi nitakuja kukusikiliza." Akakaa, akavuta kikombe chake, akanywa kahawa iliyokuwa imepoa. Kisha akamtazama mjomba wa Murungu. "Na wewe ndugu, umetoka mbali. Huna la kusema?"

Mjomba alikohoa, akavuta kiti mbele, akaanza kusema.

*

Jumapili hiyo Divine alivaa gauni alilojishonea, la kitenge cha bluu chenye mikono mipana. Baada ya komunyo Padre Leonidasi akamwita. Alisali kimya njia nzima hadi mbele, sala fupi kuliko zote alizowahi kusali: Bwana, shika.

"Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeandika tangazo la Bazilio na Epifania. Epifania huyo hayupo. Nilikuwa najaribu programu, nikaweka jina la mtu wa kweli mahali pa jina la kubuni. Naomba msamaha kwenu, kwa baba yangu, na kwa Bazilio."

Bazilio alikuwa ameshafika kando yake. "Na mimi niliihamishia kwenye simu zenu bila kumwambia mwenzangu. Naomba msamaha wa nusu iliyobaki."

Kanisa likacheka, kicheko cha watu waliokwisha samehe. Mzee mmoja wa jumuiya akapaza sauti kutoka katikati: "Padre, mashine tumeipokea!"

"Subirini," Padre alisema. "Bado kitu kimoja. Divine, funga kazi yako."

Kwenye meza ya matangazo, mbele ya watu wote, Divine aliliondoa tangazo la Epifania. Akaandika jina moja, kisha jingine. Akamgeukia Bazilio.

"Tuko upande gani?"

"Upande wa watu."

"Umeniambia?"

"Nimekuambia, mpenzi."

"Basi ninategemea litapokelewa," Divine akasema, akabonyeza.

Simu zikaanza kulia benchi kwa benchi, kutoka mbele kwenda nyuma kama mvua inayotembea juu ya mabati, mpaka zikafika mlangoni alikokuwa ameketi Mzee Habonimana. Alitoa yake mfukoni, akaisogeza mbali na macho, akasoma hadi mwisho, pale palipoandikwa kwamba mwenye kujua kizuizi aseme.

Watu wote walikuwa wamegeuka wakimtazama.

Mzee akairudisha simu mfukoni, akalaza fimbo yake chini ya benchi. "Mimi," alisema, "sina."